Kuvuka kwenda Lindisfarne: safari ya kufuata mateka wa Waviking

Waviking, mabaharia wa Skandinavia, walipoivamia monasteri ya kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mwa England, mwaka 793, msomi Alcuin wa York alikuwa mbali na kwao, chini ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki. Alimwandikia Askofu Higbald wa Lindisfarne barua ya majonzi na maonyo: hekalu limenajisiwa, damu imemwagika, watawa watengeneze mwenendo wao. Mwishoni anaahidi kwamba mfalme akirejea atamwendea, atazame kama lipo la kufanya kuhusu vijana waliochukuliwa mateka. Majina ya vijana hao hayamo.

Nafundisha historia Bagamoyo, na barua hiyo hunikaa rohoni kuliko habari zote za mashoka na merikebu zenye vichwa vya joka. Mjini kwetu mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watumwa kwa fedha na kuwapa makazi. Mtoto wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa sana maana ya binadamu kutiwa bei. Basi mdogo wangu anayeishi Leicester aliponialika Juni 2024, nilimwambia nitakuja kuwaona watoto, ila siku kadhaa nitawakimbia, niende kaskazini kuwatafuta wale vijana. Haya nimeyakusanya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Kwa anayejiandaa: viza ya kutembelea Uingereza kwa miezi 6 ilikuwa pauni 115, na pauni moja wakati huo ilikaribia shilingi 3,300. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam. Tiketi za treni za Uingereza ukinunua siku ile ile ya safari utalia. Ukinunua wiki mbili tatu kabla, bei hushuka sana, lakini hapo utabanwa na treni moja tu na saa yake.

Jumatatu, 3 Juni: Leicester

Niliamka kwa harufu ya maandazi. Wifi yangu anapata iliki, unga wa muhogo na hata mchicha sokoni Leicester, na mitaani nilisikia Kiswahili zaidi ya mara moja, kikiwemo cha wazee wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki zamani.

"Dada, Waviking si walikuwa huko pwani?" mdogo wangu aliuliza. "Hapa Leicester tuko katikati ya nchi."

Nikamtoa nje tukatembee. Leicester ilikuwa moja ya miji mitano ya Wadenmark, yaani Waviking waliotoka Denmark, pamoja na Derby, Nottingham, Lincoln na Stamford. Jeshi lao kubwa lililotua East Anglia mwaka 865 halikuja kupora na kuondoka. Lilipewa farasi, likakaa, likala falme moja baada ya nyingine: Northumbria, East Anglia, kisha Mercia. Wessex peke yake ndiyo iliyoponea chupuchupu chini ya Mfalme Alfred. Kwenye ua wa Guildhall ipo sanamu ndogo ya Æthelflæd, binti wa Alfred, aliyetawala Mercia. Aliutwaa Derby mwaka 917 kwa vita, na mwaka 918 Leicester ikajisalimisha kwake bila kupigana. Alifariki Juni mwaka huo huo. Mdogo wangu ameishi mji huu muda mrefu na hakuwahi kuingia ua ule, ingawa kuingia ni bure. Alimpiga picha sanamu akamtumia mkewe: "Huyu naye alikuwa bosi."

Jumanne, 4 Juni: Repton

Treni hadi Derby ni kama nusu saa, halafu basi. Mwaka ule nauli ya basi nchini England haikuzidi pauni 2 kwa safari moja karibu kila mahali, na hiyo ndiyo nafuu kubwa niliyoipata nchi nzima. Anzia jumba la makumbusho la Derby, ni bure, maana vitu vilivyofukuliwa Repton viko humo. Kijijini kwenyewe utakuta kanisa na nyasi.

Nyasi hizo zina habari. Jeshi lilipiga kambi ya majira ya baridi hapa mwaka 873 hadi 874, likamfukuza Mfalme Burgred wa Mercia, naye akakimbilia Roma. Wanaakiolojia Martin Biddle na Birthe Kjølbye-Biddle walichimba kuanzia 1974 wakakuta handaki lenye umbo la herufi D, kanisa lenyewe likiwa limefanywa lango la ngome. Kando yake kulikuwa na kaburi la mifupa ya watu wasiopungua 264. Muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu umri wa mifupa hiyo, kwa sababu baadhi ya vipimo vilitoa karne za nyuma zaidi. Mwaka 2018 Cat Jarman na wenzake walionyesha kwamba watu wale walikuwa walaji wa samaki, na kaboni ya baharini huzeesha mifupa kwenye vipimo. Ukirekebisha hilo, karibu yote inaangukia siku za jeshi lile. Sisi wa pwani tukipimwa hivyo hivyo tutaonekana wahenga.

Kanisani St Wystan nilimkuta mama mmoja mzee akipanga maua. Alinitazama mtandio wangu, akatazama daftari langu, akauliza nimetoka wapi. Nilipotaja Tanzania aliacha maua yake akaniongoza chini kwenye chumba walichozikwa wafalme wa Mercia, akiniambia niinamishe kichwa kwenye ngazi. Nguzo zake nne zimechongwa kama zilizozungushiwa kamba. Ubaridi wake unaingia mifupani. Kisha akanitoa nje akanionyesha kwa mkono mahali handaki lilipopita, na mahali alipozikwa shujaa mwenye upanga na kidani cha nyundo ya Thor. Pembeni ya shujaa huyo alilazwa kijana. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni baba na mwana.

Nikamuuliza kuhusu wale wanne. Alijua mara moja ninaowasema. Karibu na kaburi kubwa walikutwa watoto na vijana wanne, wenye umri kati ya miaka 8 na 18, wamezikwa pamoja na taya la kondoo miguuni. Angalau wawili wana majeraha ya kuuawa. Watafiti wanadhani huenda walitolewa kafara kuwasindikiza wafu. Nani angetoa mwanawe mwenyewe kwa jambo hilo? Mimi naamini walikuwa mateka, ingawa mifupa haisemi hivyo, na nilimwambia hivyo yule mama. Alinyamaza, halafu akasema kila anapopita pale huwaombea wao kabla ya shujaa.

Alinipeleka kituo cha basi kwa gari lake, na nilipofungua mkoba kutoa fedha ya mafuta alinifokea kabisa.

Jumatano na Alhamisi, 5 na 6 Juni: York

Treni ya kwenda York ilinigharimu pauni 31. Nilipata chumba cha kulala watu sita, wanawake watupu, pauni 28 kwa usiku, nje kidogo ya kuta za mji. Chakula changu kikuu kilikuwa kiazi kikubwa cha kuoka kilichojazwa maharage, pauni 6 na senti. Kinashibisha, na hakina maswali ya halali na haramu.

Jeshi liliutwaa York tarehe 1 Novemba 866. Wafalme wawili wa Northumbria waliokuwa wakigombea kiti, Osberht na Ælla, walipatana wakaja kuukomboa mji Machi 867, wakauawa wote wawili. Lakini mwaka ninaoupenda kuwafundisha wanafunzi ni 876. Kumbukumbu za mwaka huo zinasema kiongozi Halfdan aliwagawia watu wake ardhi ya Northumbria, wakaanza kulima na kujitafutia riziki. Miaka 10 ya kuchoma miji, halafu jembe. Ukipanda basi kutoka York kwenda upande wowote utaona vijiji vyenye majina yanayoishia kwa by na thorpe. Ni makazi yao.

Kituo cha Jorvik, makumbusho ya York ya enzi za Waviking, kimejengwa palepale Coppergate, walipochimba kati ya 1976 na 1981. Tiketi ni zaidi ya pauni 15, na kuna foleni, kwa hiyo nunua mtandaoni saa ya asubuhi kabisa. Unakalishwa kwenye kigari kinachopita katikati ya mtaa uliofufuliwa, na harufu za vyoo, moshi na ngozi wamezitengeneza kweli. Watoto wanazipenda mno.

Mimi nilikaa muda mrefu zaidi kwenye vioo vya vitu vilivyotoka mbali. Udongo wa Coppergate ulitoa hariri, ukatoa sarafu ya kughushi iliyoigizwa dirhamu ya Samarkand, mji wa Asia ya Kati, ukatoa na ganda la kauri la Bahari ya Shamu au Ghuba ya Aden. Kauri, York! Kijana mlinzi aliniona nikitabasamu peke yangu, akaja. Nikamweleza kwamba makauri yamepita mikononi mwa bibi zetu. Akaniuliza Waviking walikuwa na nini cha kulipia vitu vya mbali hivyo. Nikamjibu ngozi za wanyama, kaharabu, nta, na watu. Akasema watoto wa shule humuuliza kuhusu kofia zenye pembe, ambazo hata hazikuwepo, lakini hili la watu huulizwa mara chache.

Haki itendeke: Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa enzi hizo, nao walikuwa na watumwa wao kabla Mviking hajaonekana upeo wa bahari. Wulfstan, Askofu Mkuu wa York, alihubiri mwaka 1014 kwa uchungu akiwashutumu Waingereza wanaouza ndugu zao ng'ambo. Na sensa ya mali ya mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitwaa England, bado inahesabu maelfu ya watumwa mashambani. Mnunuzi hakosi muuzaji wa nyumbani. Historia ya misafara ya bara hadi Bagamoyo inasema hivyo hivyo, na haifurahishi kuisoma.

Ijumaa, 7 Juni: Durham

Treni ilisimama porini zaidi ya saa nzima kwa hitilafu ya mitambo ya ishara. Mume na mke waliokaa mbele yangu walifungua chupa ya chai, wakanimiminia kwenye kifuniko, na tukamaliza biskuti zao zote. Ukicheleweshwa hivyo, tunza tiketi. Kampuni za treni zina utaratibu wa kurudisha sehemu ya nauli, nami nilirudishiwa.

Nilishuka Durham kwa sababu ya jeneza. Watawa wa Lindisfarne walivumilia hadi mwaka 875, kisha wakakibeba kisiwa chao mabegani: mwili wa Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu wa kisiwa hicho, na kile kitabu cha Injili chenye michoro ambacho leo ni mali ya British Library. Walihangaika miaka, wakatulia Chester-le-Street mwaka 883, na mwaka 995 jumuiya yao ikahamia Durham. Kuingia kanisa kuu hulipi, unaombwa mchango. Makumbusho yake ni ya kulipia, na lipia: vipande vya jeneza la mwaloni la mwaka 698 vimo humo, pamoja na msalaba mdogo wa dhahabu aliozikwa nao Cuthbert.

Hapo Durham ndipo nilipompata mateka wa kwanza mwenye jina. Masimulizi ya watawa wa Cuthbert yanasema Waviking wa kaskazini walikuwa hawana mfalme, na mtakatifu akamtokea Abate Eadred ndotoni, akamwambia aende kwao, amtafute kijana Guthred aliyekuwa mtumwa wa mjane fulani, amkomboe kwa fedha, kisha jeshi limsimike. Wakafanya hivyo. Guthred akatawala York, akawapa watawa ardhi kati ya mito Tyne na Wear, akafariki mwaka 895. Mfalme yule alikuwepo. Habari ya mjane na fedha ni masimulizi ya watawa wenye mashamba ya kutetea. Lakini hata kama waliitia chumvi, walijua msomaji wao ataamini kwamba kijana wa ukoo bora anaweza kuuzwa kwa mjane na kununuliwa tena.

Jioni nikapanda treni hadi Berwick-upon-Tweed. Mwenye nyumba aliniandalia samaki wa kupashwa moshi na mkate, na ladha yake ilikuwa ng'onda mtupu.

Jumamosi, 8 Juni: Lindisfarne

Nilipanga tarehe hii makusudi. Uvamizi ule wanahistoria wengi wanauweka 8 Juni 793.

Kisiwa hiki huunganishwa na bara kwa barabara inayofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Saa salama za kuvuka hutangazwa na baraza la kaunti ya Northumberland, zipo mtandaoni na kwenye mbao za njiani. Zifuate. Njiani kuna kibanda cheupe juu ya nguzo, kimewekwa kwa ajili ya waliozidiwa na maji, na kila mwaka wapo wanaookolewa. Mwezi wa Mfungo Tatu ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo ilikuwa bamvua: maji yanapwa mbali, yakirudi yanarudi kwa nguvu. Mtu wa pwani hafundishwi hilo, lakini bahari ile ni baridi na upepo wake haufanani na kusi yetu. Vaa nguo nzito hata Juni.

Basi la Berwick halitembei kila siku, na ratiba yake hubadilika kufuata maji. Nilivuka nalo asubuhi. Mchanga pande zote, miti ya alama ya njia ya mahujaji imejipanga hadi upeo, na sili walikuwa wakiimba mbali. Kiingilio cha magofu kilikaribia pauni 10. Matao mekundu utakayoyaona kwenye picha zote ni ya karne ya 12, baada ya Wanormani. Ile monasteri aliyoianzisha Aidan mwaka 635, yenye mbao na nyasi, haipo juu ya ardhi. Watu wengi hupiga picha matao wakidhani Waviking ndio walioyabomoa. Yalibomoka baada ya Mfalme Henry VIII kuvunja monasteri.

Kilichonifikisha huko ni jiwe moja dogo ndani ya makumbusho, la karne ya 9. Upande mmoja wamechongwa wanaume saba wamefuatana, silaha zimeinuliwa juu. Upande wa pili kuna msalaba, jua na mwezi, na watu wanaoabudu. Wataalamu wanaona ni picha ya siku ya hukumu. Nilihesabu tena na tena: wanaume saba, wote washambuliaji. Mchongaji hakumchonga aliyekamatwa. Nikatoka nikakaa kwenye ukuta unaotazama bandari, nikasoma Yasini kwa ajili ya vijana wa barua ya Alcuin. Sijui dini yao ingesemaje. Niliona ni vibaya kufika mbali hivyo nikaondoka kama mpiga picha.

Basi la mwisho lilirudi bara kabla ya maji kufunga njia mchana, nami nikabaki. Kisiwa kikishafungwa, wageni hupungua na kelele huisha. Nashauri kila mwenye uwezo afanye hivyo, mradi awe na usafiri wa kurudi jioni. Mimi nilikuwa nimezungumza tangu asubuhi na mume na mke wastaafu waliokuja na gari lao. Walinishibisha chai, wakanipeleka kuona maboti yaliyopinduliwa yakafanywa stoo, na barabara ilipofunguka baada ya saa kumi na mbili wakanirudisha Berwick hadi mlangoni. Teksi ilitaka pauni 40. Wao walitaka tu niwaandikie majina yao kwa herufi za Kiarabu, nikawaandikia kwenye ramani yao.

Jumapili na Jumatatu, 9 na 10 Juni: London

Berwick hadi London ni karibu saa nne kwenye treni, pauni 58, nami nililala njia nzima.

British Museum ni bure, chumba namba 41. Humo kuna hazina ya fedha ya Cuerdale, iliyokutwa na mafundi mwaka 1840 kando ya mto Ribble: vitu zaidi ya 8,600, kama kilo 40 za fedha, vilivyofukiwa mwanzoni mwa karne ya 10. Vikuku vimekatwakatwa vipande vya kupimwa kwenye mizani. Na kati ya sarafu za wafalme wa Kikristo zimo dirhamu za mashariki. Nilibandika uso kwenye kioo, nikazifuata herufi za Kiarabu cha kale, za Kikufi, taratibu mpaka nikaipata shahada. Huko Torksey, jeshi lile lilikopiga kambi mwaka mmoja kabla ya Repton, vimeokotwa zaidi ya vipande 100 vya dirhamu za namna hiyo.

Fedha hiyo ilipanda kaskazini kutoka nchi za Kiislamu kupitia mito ya Urusi, ikiwalipia wafanyabiashara ngozi za wanyama na binadamu. Na hapa historia yao inagusana na yetu kweli. Mwaka 869, Waviking walipomuua Mfalme Edmund wa East Anglia, katika vinamasi vya Basra watumwa waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi waliasi chini ya Ali bin Muhammad, wakapigana na majeshi ya khalifa hadi 883. Waarabu waliwaita Wazanji, jina walilowaita watu wa pwani yetu. Soko moja lenye kiu, likinywa kutoka kaskazini na kusini kwa wakati mmoja. Kibao cha kioo kinataja biashara, uporaji na kodi. Nilitamani kitaje na bidhaa yenyewe.

Nilimuuliza mhudumu wa chumba kama wana minyororo. Alifikiri, akasema kwa habari ya Waviking na watumwa niende Dublin, Ireland, kwa kuwa walioujenga mji ule waligeuza bandari yake kuwa soko kubwa la mateka. Nami nilikumbuka kumbukumbu za Ulster za mwaka 821, zinazosema wapagani waliipora Howth wakachukua wanawake wengi. Howth leo ni mwisho wa reli ya abiria kutoka Dublin, safari fupi tu.

Kwa Mtanzania, viza ya Uingereza haikuingizi Ireland. Unaomba nyingine, ada yake mbali. Fomu nimeshaanza kuijaza. Nikienda itakuwa nje ya likizo za shule za huko, maana bei za vyumba hupanda, na nitafika Howth kwanza kabla ya makumbusho yoyote.